Kabla Hujanunua Kilishio cha Chiriku, Tazama Kitako

Malalamiko ninayoletewa kuhusu vilishio vya chiriku yana sura moja. Mtu kanunua mrija mrefu wa plastiki angavu, kaujaza mbegu, kautundika nyuma ya nyumba, na chiriku wakaja. Wiki za mwanzo ni furaha tupu. Kisha ndege wanaanza kupungua, halafu hawaji kabisa, na mrija bado unaonekana umejaa. Hapo ndipo anatafutwa wa kulaumiwa: paka wa jirani, kipanga, mvua, msimu. Wengine wanakimbilia dukani kununua kilishio kikubwa zaidi. Mimi nawauliza wote swali moja: mara ya mwisho umeona lini sehemu ya chini kabisa ya huo mrija, kwa ndani? Wengi hawajaiona hata siku moja, kwa sababu haifunguki.

Kwa hiyo humu sitaanza na ukubwa, rangi wala idadi ya vijiti vya kutua. Hayo yameandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa na kila mtu anaweza kujisomea. Nitaanza na kitako, kwa kuwa hakuna boksi linalokueleza ukweli kuhusu kitako, na ndicho kinachoamua kama ndege watakula au wataugua.

Kinachotokea chini ya tundu la mwisho

Shika mrija wowote wa kawaida uangalie tundu la chini kabisa liko wapi. Kati ya tundu hilo na sakafu ya mrija kuna nafasi, aghalabu ya upana wa vidole viwili. Mbegu zikishuka humo hazina pa kutokea. Mdomo wa ndege haufiki, na wewe unapoongeza mbegu mpya unazimimina juu ya zile za zamani. Za juu zinabadilika kila siku, za chini ni zile zile ulizotia siku ya kwanza. Mvua ikipiga kwa upande inaingia kwenye matundu, inateremka ukutani na kutuama hapo chini. Jua likitoka, unyevu ule unapata joto ndani ya plastiki iliyofungwa, na baada ya siku chache umeshapata donge.

Ukilitazama kwa juu, donge hilo ni mbegu za kawaida. Lichokonoe kwa kijiti. Chini yake utakuta tabaka la kijivu lililoshikana kwa nyuzinyuzi za ukungu, na chini ya tabaka hilo kuna tope jeusi linalonuka mafuta yaliyochacha. Vitundu vya kutolea maji vilivyotobolewa sakafuni vimezibwa na tope hilo hilo. Vitundu hivyo vinamwezesha mtengenezaji kudai kwamba maji hayatuami kwenye bidhaa yake. Mbegu tatu zilizovimba zinatosha kuviziba, na ukishindwa kuingiza kidole au brashi kutoka chini, vitabaki vimeziba mpaka utakapokitupa kilishio.

Dawa ya tatizo hili ni mambo mawili, na kilishio kizuri kinakuwa nayo yote. La kwanza ni kitako kinachotoka kwa mkono, bila bisibisi, bila kuvuta hadi viganja viume, na bila kijiskrubu cha kupotelea kwenye majani. La pili ni sakafu ya ndani iliyoinuliwa na kupewa mteremko, ili mbegu za mwisho ziteremkie kwenye tundu na zisibaki chini yake. Nikilazimika kuchagua moja nitachukua kitako kinachotoka. Sakafu yenye mteremko inapunguza uchafu, ila haiumalizi.

Kwa nini chiriku wanaumia zaidi

Kuna ndege watakaovumilia mbegu yoyote utakayowatilia. Chiriku wanachagua, tena wanachagua sana, na chakula chao ni kile kinachoharibika upesi. Chiriku wa dhahabu wa Marekani, chiriku wa dhahabu wa Ulaya na jamaa zao wadogo wanapenda mbegu nyembamba nyeusi zinazouzwa kwa jina la Nyjer. Zinatoka kwenye Guizotia abyssinica, mmea wa jamii ya alizeti wenye asili ya nyanda za juu za Ethiopia, unaolimwa huko na India kwa ajili ya mafuta. Theluthi nzima ya uzito wa mbegu hizo, au zaidi, ni mafuta, na kwa ajili hiyo ndege mdogo anazifuata hata kwenye baridi kali. Lakini mafuta hayo hayo ndiyo yanayochacha. Zikiingizwa Marekani hupitishwa kwenye joto kali kwanza ili kuua mbegu za magugu zilizochanganyika nazo, kisha zikapakiwa, zikasafirishwa na kukaa ghalani. Zinapokufikia tayari zimekula muda wao.

Upo mtihani rahisi wa kujua kama bado ni nzuri. Weka mbegu chache juu ya karatasi nyeupe, uziponde kwa ukucha wa kidole gumba. Mbegu nzuri inaacha doa la mafuta linalong'aa. Iliyokauka inaacha unga tu. Ukiona unga, chiriku hawatazigusa, na kilishio kitalaumiwa bure.

Halafu kuna maganda. Chiriku haimezi mbegu nzima, anaipasua kwa mdomo, anakula kiini na kuliacha ganda. Ganda la Nyjer kwa mbali halitofautiani na mbegu yenyewe. Kwenye vilishio vya wavu na kwenye visahani vya chini maganda yanarundikana, na mwenye nyumba anaridhika kwamba chakula kipo. Puliza kidogo. Yakiruka yote, umekuwa ukiwawekea ndege wako takataka.

Magonjwa, na hapa sibembelezi

Ninaposisitiza usafi wa kitako, baadhi ya watu wananiona nimezidisha. Nitawaeleza ninayoyajua.

Majira ya baridi ya 1993 hadi 1994, karibu na jiji la Washington, D.C., huko Marekani, watu walianza kuona chiriku wa nyumbani wenye macho yaliyovimba, mekundu, yenye utando mkavu. Kilichosababisha ni bakteria aitwaye Mycoplasma gallisepticum, ambaye kabla ya hapo alijulikana kwa kuwasumbua kuku na bata mzinga. Ugonjwa ulienea mashariki yote ya Amerika Kaskazini katika miaka michache. Ndege mgonjwa haoni vizuri, anakaa muda mrefu kwenye kilishio kwa sababu hawezi kutafuta chakula kwingine, na kila akiingiza kichwa kwenye tundu jicho lake linagusa ukingo wake. Anayefuata anaingiza kichwa pale pale.

Nchini Uingereza, tangu 2005, vimelea vya Trichomonas gallinae vimewaua chiriku kijani kwa wingi kiasi kwamba mwaka 2021 ndege huyo, aliyekuwa wa kawaida kabisa bustanini, aliingizwa kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini nchini humo. Vimelea hivyo vinakaa kooni, vinatoka na mate, na vinadumu kwenye unyevu. Mbegu iliyolowa ni mahali pazuri mno kwao. Mwaka 2025 shirika la RSPB, ambalo ndilo kubwa la kulinda ndege huko, lilisitisha kuuza vilishio bapa. Na majira ya baridi ya 2020 hadi 2021 bakteria wa salmonela waliwaangusha chiriku wadogo wa misonobari huko Amerika Kaskazini, na mamlaka za afya za Marekani zikahusisha ndege hao wa porini na watu walioumwa ugonjwa huo huo. Kwa hiyo mikono inayosafisha kilishio nayo inahitaji glavu na sabuni.

Baada ya hayo yote, mtu akikuuzia mrija usiofunguka chini anakuuzia kitu usichoweza kukisafisha. Sioni jina lingine la kukiita.

Nafasi ya kwanza: Aspects Quick-Clean kwa ajili ya Nyjer

Sasa navipanga vilishio vyenyewe, nikianza na ninachokipendekeza zaidi. Nasema wazi kwamba naipenda kampuni hii ya Aspects na ndiyo ninayoipendekeza kwa kila anayeniuliza. Kitako chake kinachomoka kwa mkono. Hufungui kitu kwa zana, unakichomoa tu na mrija unabaki wazi juu na chini. Ukiutazama upande mmoja unaona mwanga upande wa pili, na brashi ndefu ya chupa inapita moja kwa moja. Kifuniko na kitako ni vya chuma cha kumimina, si plastiki nyembamba, kwa hiyo sehemu zinazoshikana hazilegei baada ya kufunguliwa mara nyingi. Hilo la kulegea ni jambo kubwa. Kitako cha plastiki kinachotoka kwa urahisi mwaka wa kwanza kinaweza kudondoka chenyewe mwaka wa pili, pamoja na mbegu zote.

Mrija wenyewe ni wa polikaboneti, plastiki ngumu inayovumilia jua na kuanguka kuliko plastiki ya kawaida ya akriliki. Matundu ni mipasuo midogo inayofaa mbegu za Nyjer. Hazimwagiki ovyo, na ndege wenye midomo minene hawapati nafasi ya kuzikwangua.

Inatengenezwa kwa ukubwa tofauti. Chukua mdogo au wa kati. Nitaeleza chini kwa nini, ila kwa kifupi, mrija mkubwa ni wa kumfurahisha anayejaza, si anayekula.

Mapungufu yapo. Ni mzito, kwa hiyo hauwezi kutundikwa kwenye kitawi chembamba. Haujakingwa dhidi ya kindi, na kindi mwenye njaa atauning'inia mpaka achoke. Na kwa bei, si wa kununua bila kufikiri. Lakini hesabu yangu ni hii: mrija wa bei ndogo unaooza na kutupwa kila baada ya misimu miwili utakugharimu zaidi, na katikati hapo utakuwa umewalisha ndege ukungu.

Nafasi ya pili: Brome Squirrel Buster Finch

Kama nyumbani kwako kindi ni wengi, pandisha huu juu uwe wa kwanza. Umeundwa na kampuni ya Brome ya Canada, na unafanya kazi kwa uzito. Chiriku akitua hakuna kinachotokea. Kindi akiushika, gamba la nje linashuka na kuziba matundu. Hautumii betri wala umeme, ni springi tu. Juu una nafasi za kupitisha hewa, jambo ambalo watengenezaji wengi hawalifikirii, na hewa inayopita ndiyo inayokausha mbegu kabla hazijashikana.

Unafumuka wote kwa ajili ya kuoshwa. Hapo ndipo ulipopata nafasi hii, na hapo hapo ndipo ulipokosa ya kwanza. Sehemu za kufumua ni nyingi, zinahitaji kupangwa kwa utaratibu, na mtu akiwa na haraka ataahirisha. Kilishio kinachoahirishwa kuoshwa hakina tofauti na kisichofunguka. Ukiwa mtu wa subira, hutajuta. Pia kampuni inasifika kwa kuwapatia wateja vipuri, na kwa biashara hii hilo ni adimu.

Nafasi ya tatu: Droll Yankees, lakini soma kwanza

Mrija wa plastiki wenye matundu ya chuma, huu ambao leo uko kila mahali, ulianza na Peter Kilham wa Droll Yankees, huko Rhode Island, mwaka 1969. Kazi yao ni imara na matundu yao ya chuma hayaliwi na kindi wala hayapanuki. Nawaheshimu.

Tatizo ni kwamba kwenye orodha yao kuna mirija ya vizazi tofauti. Mingine ina kitako kinachotoka, mingine ni ya mtindo wa zamani ambao unahitaji kufunguliwa skrubu. Majina yanafanana, picha zinafanana. Usinunue mpaka umethibitisha kwamba huo ulioushika mkononi, si mwenzake wa pembeni, unafunguka chini. Ukipata unaofunguka, umepata kilishio cha miaka mingi.

Nafasi ya nne: mirija ya wavu wa chuma

Hapa sina jina la kushikilia, kwa kuwa wanaotengeneza ni wengi na kazi zao zinakaribiana. Huu ni mrija ambao ukuta wake wote ni wavu wa chuma wenye vijitundu vidogo. Chiriku wanaung'ang'ania popote, kichwa juu, kichwa chini, ubavu. Kundi zima linaweza kula kwa pamoja bila kugombania kijiti, na kwa chiriku wa dhahabu, ambao wanagombana sana kwa kile kidogo walicho nacho, hiyo ni nafuu kubwa.

Kwa suala la kitako, wavu una faida yake: maji yanaingia kila upande, lakini pia hewa inaingia kila upande. Mbegu zinalowa haraka na kukauka haraka. Kinachohitajika ni kofia pana juu yake ya kukinga mvua. Bila kofia, mvua ya siku mbili mfululizo itakuachia uji. Angalia pia sakafu yake: wengi wanashughulikia wavu vizuri, kisha wanamalizia chini kwa bakuli la bati lisilo na tundu hata moja. Hiyo ni kazi bure.

Wavu pia unatunza maganda ndani, kwa hiyo utikise kila unapopita.

Nafasi ya tano: mrija wa kula kichwa chini

Kijiti cha kutua kiko juu ya tundu badala ya chini yake, ndege analazimika kuning'inia ili ale. Chiriku wa dhahabu anaweza bila shida. Shomoro wengi hawawezi, na chiriku wa nyumbani wanapata taabu ingawa baadhi yao hujifunza. Kama shomoro wamekushinda, jaribu.

Mimi siupi nafasi ya juu kwa sababu ile ile ya kitako. Matundu yakiwa chini ya vijiti, sehemu kubwa ya mirija hii niliyoishika haina sakafu iliyoinuliwa wala kitako kinachotoka. Mtengenezaji ametumia akili yote kumfukuza shomoro na hakubakisha ya kumlinda aliyebaki.

Vya bei ndogo

Soksi za kitambaa cha wavu: zinalowa, zinaota ukungu, kindi anazichana kwa siku moja. Zinafaa kujaribia kama chiriku wapo eneo lako, wiki mbili hivi, kisha uzitupe. Zisioshwe na kurudishwa.

Sahani na meza bapa: ndege wanakula na kunya mahali pamoja. Hapana.

Mirija ya plastiki nyembamba inayouzwa mitatu kwa pakiti: nimeshaeleza.

Kuhusu wauzaji

Kuna maneno mawili ambayo yangepaswa kuwa na masharti kabla ya kuchapwa kwenye boksi: "rahisi kusafisha". Nimewahi kununua mrija wenye maneno hayo kwa rangi nyekundu. Kitako kilikuwa kimegundishwa kwa gundi. Nilipomuuliza muuzaji, alinijibu kwamba rahisi kusafisha maana yake kifuniko kinafunguka. Kifuniko cha kila kilishio duniani kinafunguka, la sivyo mbegu zingeingilia wapi? Alikuwa amekaa na bidhaa ile dukani na hajawahi kuigeuza.

Jambo la pili linalonikera ni mauzo ya ukubwa. Utaambiwa mrija mrefu unakupunguzia kazi kwa kuwa hujazi mara kwa mara. Ni kweli hujazi mara kwa mara, na ndiyo hatari yenyewe. Mbegu za Nyjer zinatakiwa ziishe ndani ya siku chache. Chiriku kumi kwenye mrija mkubwa wanakula robo ya juu, robo tatu zinasubiri mvua. Mrija mrefu una faida kwa anayeuza mbegu, kwa kuwa unaujaza kwa mfuko mzima na nusu yake unaimwaga.

Na mifuko yenyewe! Nyingi hazina tarehe ya kupakiwa. Mbegu yenye mafuta kiasi hiki inauzwa bila tarehe, wakati biskuti za mbwa zina tarehe. Ukikuta mfuko wa plastiki angavu uliokaa dirishani mwa duka juani, uache hapo hapo hata wakipunguza bei. Nunua kidogo, kwa mwenye wateja wengi wa mbegu hizo, na uhifadhi mahali pa baridi na pakavu ndani ya chombo kinachofungwa vizuri.

Bei za mirija nazo hazina mantiki. Mrija wa njano unauzwa ghali kuliko wa kijani wa aina ile ile kwa maelezo kwamba chiriku wa dhahabu wanapenda njano. Kinachowavuta ni chakula kizuri na usalama. Fedha ya kulipia rangi iongeze kwenye kitako cha chuma.

Unapofika dukani

Usione haya kumsumbua muuzaji. Toa kilishio kwenye boksi. Fungua kifuniko, kisha kitako. Kama kitako hakitoki kwa mikono yako mwenyewe, mitupu, ukiwa umesimama dukani bila haraka, hakitatoka nje kwenye baridi ukiwa na glavu. Inua mrija utazame upande wa pili. Ingiza kidole chini ya tundu la mwisho upime nafasi iliyobaki. Ikizidi upana wa kidole kimoja, uliza kama kuna sakafu ya ndani iliyoinuliwa. Zungusha vijiti vya kutua uone kama vimelegea. Pitisha kidole kwenye kingo za matundu. Pakikukwaruza, patakwaruza na jicho la ndege.

Ukinunua kwa intaneti huwezi kufanya hayo, basi tafuta picha moja tu: picha ya kilishio kikiwa kimefumuliwa. Mtengenezaji mwenye kitako kizuri anajivunia nacho na atakionyesha. Picha kumi za chiriku wenye rangi nzuri na hakuna hata moja ya kitako, funga ukurasa.

Uliza vipuri pia. Kitako na kifuniko ndivyo vinavyopotea au kuvunjika kwanza. Kama kampuni haiuzi kitako peke yake, umenunua kitu cha kutupa.

Baada ya kukitundika

Kitundike ama karibu kabisa na dirisha, chini ya mita moja, ama mbali nalo, zaidi ya mita kumi. Akiwa karibu, ndege akishtuka hana umbali wa kuchukua kasi ya kujiumiza kwenye kioo. Kiwe mbali na kichaka ambacho paka anaweza kujibanza, lakini pasiwe mbali na mti wa kukimbilia.

Kila baada ya wiki mbili, na mapema zaidi mvua zikiwa nyingi, kifumue chote. Mwaga mbegu zilizobaki, usizirudishe. Sugua kwa maji ya moto na sabuni, kisha loweka dakika kumi kwenye maji yenye klorini ya kufulia, sehemu moja ya klorini kwa sehemu tisa za maji. Suuza sana. Halafu kiache kikauke kabisa, ndani na nje, kwenye kona za kitako hasa. Kukijaza kikiwa na unyevu kunafuta kazi yote uliyoifanya. Zoa na maganda yaliyoanguka chini, kwa sababu ndege wanaokula ardhini wanaugua kwayo vile vile.

Ukimwona chiriku amejikunyata, manyoya yamefura, macho yamevimba au anashindwa kumeza, ondoa vilishio vyote siku hiyo hiyo, vioshe, na usivirudishe kwa wiki mbili hivi. Inauma kuondoa chakula wakati ndege bado wanakuja, najua. Lakini ndege wenye afya watatawanyika na kutafuta kwingine, na mgonjwa hatakuwa na mahali pa kuwaambukiza wenzake kwa mpangilio.

Na kama umebakiwa na fedha baada ya kununua mrija mmoja mzuri, usizitumie kuongeza ukubwa. Nunua wa pili wa aina ile ile na kipimo kile kile. Mmoja unaning'inia, mwingine umeshaoshwa na unakauka bila kuharakishwa, na siku ya kubadilisha unatoa huu unaweka ule bila ndege kukaa na njaa asubuhi nzima. Vitako vyake pia vinabadilishana, kwa hiyo kimoja kikivunjika hutasimama wala kusubiri muuzaji akuagizie.